Rundo la jinzi la Kibuye: kwa nini otomata zenye rundo hazilingani nguvu

Jumapili soko la Kibuye hufurika. Kuna mama anayeuza jinzi za mtumba pale, naye huzikunja na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka zinamfika kifuani. Mteja akivuta ya katikati, rundo lote linaporomoka, kwa hiyo sheria yake ni moja: "Kastoma, usivute! Inua pindo uone saizi, ukiipenda nitakushushia mwenyewe." Basi mteja anaingiza vidole kati ya nguo na nguo, anasoma saizi ya ile ya saba kutoka juu, anashuka hadi ya nane, hadi ya tisa. Hakuna kilichohama. Kuongeza nguo au kuitoa hufanyika juu tu.

Mimi ni fundi wa programu hapa Kisumu, na Jumamosi hukaa na vijana wachache wanaosomea kompyuta tukapitia nadharia ambayo darasani ilipita mbio. Kila mwaka swali lilelile hurudi: kama otomata zote, yaani mashine za kufikirika zinazosoma maandishi na kuyakubali au kuyakataa, zimepewa rundo lisilo na kikomo, mbona moja inashindwa na kazi ambayo nyingine inaimaliza bila shida? Kumbukumbu si ni ileile? Siku hizi nawajibu nikianzia kwa mama wa jinzi. Urefu wa rundo hauamui mengi. Kinachoamua ni ruhusa: wapi unaweza kugusa, wapi unaweza kutazama tu, na wapi huwezi hata kutazama.

Kwanza mashine isiyo na rundo. Otomata ya hali zenye kikomo husoma herufi moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, na kichwani inabeba hali chache zilizohesabika, kama kondakta ambaye anakumbuka tu kwamba gari limejaa au halijajaa. Inaweza kuhakikisha kwamba namba ya simu ina tarakimu kumi. Haiwezi kuhakikisha kwamba kila bano lililofunguliwa limefungwa, maana mabano yanaweza kuzama ndani ya mabano kadiri mtu apendavyo, na hali zake zitaisha kabla mabano hayajaisha. Hilo nimeliona likigharimu. Mahali fulani nilipofanya kazi, mwenzangu aliandika ruwaza ya kutafutia maandishi ili isome fomula za malipo zenye mabano. Ngazi mbili ikapita, ngazi tatu ikapita. Mteja mmoja akaandika ngazi nne, hesabu zikatoka kombo, tukakesha siku mbili tukitafuta kosa katika hesabu wakati kosa lilikuwa katika aina ya mashine tuliyochagua. Ruwaza ya kawaida ni otomata isiyo na rundo. Ungeirefusha mpaka kesho, ngazi inayofuata ingeishinda.

Ongeza rundo sasa, lakini kwa sheria kali kuliko ya Kibuye: unaona nguo ya juu tu. Unaweza kuweka nyingine juu yake au kuiondoa. Iliyo chini yake haipo mpaka ya juu iondoke. Nitaiita otomata ya rundo la juu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilithibitishwa, katika kazi za akina Noam Chomsky na Marcel-Paul Schützenberger, kwamba mashine hii inatambua lugha zisizotegemea muktadha, zote na hizo tu. (Lugha hapa ni seti ya mifuatano ya herufi; isiyotegemea muktadha ni ile ambayo kanuni ya kuunda kipande haijali kilicho kandokando yake.) Mabano sasa ni mchezo: ukiona bano la kufungua liweke, ukiona la kufunga ondoa moja, na mwisho rundo liwe tupu.

Ili kuona mashine hii inafanikiwa wapi na inakwama wapi, chukua vitu viwili vya Kiswahili. Kuna mchezo wa kinyume, ambapo "meza" hugeuka "zame". Na kuna maneno ya kurudia: polepole, sawasawa, au kama tunavyosema hapa Kisumu, mos mos. Kwa rundo, kinyume ni kazi nyepesi kabisa. Weka me, weka za juu yake; ukianza kutoa, za inatoka kwanza, kisha me. Rundo ni kioo. Sasa jaribu kurudia. Weka po, weka le. Silabi inayokuja kwenye utepe, yaani maandishi yanayosomwa, ni po, na unataka kuilinganisha na ile po uliyoweka, lakini juu imekaa le. Ukiiondoa le ili uifikie po, le imepotea, na silabi ifuatayo ikiwa le hutakuwa na kitu cha kuilinganisha nayo. Kumbukumbu ipo na kitu unachokitaka kimo ndani yake, ila njia ya kukifikia inakiharibu.

Mtu atasema polepole ni neno la silabi nne tu, hali chache zinatosha. Kweli. Ugumu unakuja pale kinachorudiwa kinapoweza kuwa na urefu wowote, na lugha za watu zinafika huko. Mwaka 1985 Christopher Culy alionyesha kwamba katika Kibambara cha Mali, msamiati wenyewe hauingii katika lugha zisizotegemea muktadha. "Wulu o wulu" ni mbwa yeyote. Na nomino inayorudiwa hivyo pande mbili inaweza kurefushwa kwa kuambatanishwa na nyingine, na nyingine tena, bila mpaka. Nimefurahi sana siku zote kwamba mmoja wa mifano thabiti ya jambo hili umetoka katika lugha ya Afrika.

Hapa inaingia tofauti ambayo vijana wangu huichukulia kuwa ya urembo, kumbe ni ya nguvu. Mashine ya uhakika, katika kila hatua, ina jambo moja tu la kufanya. Mashine ya kukisia inaweza kuwa na njia kadhaa, nayo inahesabiwa imekubali ikiwa walau njia moja inafika. Kwa otomata isiyo na rundo, kukisia hakuongezi kitu. Michael Rabin na Dana Scott walionyesha hilo mwaka 1959. Kwa mashine ya Turing, ile inayoweza kusoma, kuandika na kufuta popote kwenye utepe usio na kikomo, hakuongezi lugha yoyote. Kwa rundo la juu tu kunaongeza, na sababu inaonekana wazi. Chukua maneno yanayosomeka sawa kutoka pande zote mbili, kama ada, ala na ana. (Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo neno la namna hii kwetu lazima lianze na irabu pia.) Ukipewa mfuatano mrefu wa aina hiyo, unaweka nusu ya kwanza kisha unaitoa ukiilinganisha na nusu ya pili. Lakini katikati ni wapi? Mashine inasoma ikienda mbele tu, haijui mwisho uko wapi. Ya kukisia inakisia katikati. Ya uhakika haina pa kupata habari hiyo, na inashindwa.

Kuna ajabu nyingine hapo ambayo haichoki kunifurahisha. Mashine ya kukisia yenye rundo la juu tu haiwezi kutambua kwamba nusu mbili ni sawa, lakini inaweza kutambua kwamba si sawa. Inahesabu herufi kadhaa kwa kuweka alama rundoni, inakisia "tofauti iko hapa", inaikumbuka herufi hiyo kichwani, inapita herufi nyingine huku ikimaliza alama zote ilizoweka, kisha inaanza hesabu mpya mpaka inapokisia tena, inaona herufi tofauti, na inamalizia hesabu ile ya pili sambamba na mwisho wa utepe. Hesabu mbili hizo zikitimia, herufi mbili zile lazima ziwe zimekaa mahali pamoja katika kila nusu. Kwa hiyo mashine inajua kusema "hazifanani" na haijui kusema "zinafanana". Mashine ya uhakika yenye rundo hilohilo haiwezi kuwa na upande mmoja namna hiyo, kwani kila inachokitambua, kinyume chake inakitambua pia.

Sasa turudi Kibuye. Mwaka 1967 Seymour Ginsburg, Sheila Greibach na Michael Harrison walieleza mashine ambayo sheria yake ni ya yule mama: kuongeza na kuondoa ni juu tu, lakini kichwa kinaruhusiwa kuzama ndani ya rundo na kusoma. Nitaiita otomata ya rundo la kuchungulia. Walikuwa wakifikiria kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine. Kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kikitangazwa katika kifungu cha nje na kutumiwa katika kifungu cha ndani, kompaila lazima itazame chini, chini, mpaka ikute tangazo lake, bila kutupa yote yaliyo juu yake.

Marudio sasa yanawezekana. Weka po, weka le, zama hadi chini, kisha panda ukilinganisha: po na po, le na le. Hata mfuatano wa a, kisha b, kisha c, kwa idadi sawa, ambao rundo la juu tu linamaliza a zake kwa b na kubaki mikono mitupu c zinapofika, unakuwa rahisi: weka a zote, shuka ukihesabu b, panda ukihesabu c. Ruhusa ndogo ya kutazama imefungua mlango mkubwa.

Na mlango unafika mbali kuliko unavyodhani. Tuseme nataka mashine itambue mfuatano wa herufi a ambao idadi yake ni namba ya mraba: 1, 4, 9, 16. Haijui kuzidisha, na nimeikataza kuondoa chochote rundoni. Inafanya hivi. Inasoma a moja na kuweka nguo moja. Kisha inashuka ndani ya rundo ikisoma a moja kwa kila nguo, inapanda ikisoma a moja kwa kila nguo, na juu inasoma a moja zaidi na kuongeza nguo. Rundo la nguo moja linakula a tatu, rundo la nguo mbili linakula tano, la tatu linakula saba. Moja na tatu ni nne, ongeza tano ni tisa, ongeza saba ni kumi na sita. Mashine ya kupanda na kushuka imejikuta inahesabu mraba. Kijana mmoja alipoliona hili ubaoni alirudia hesabu mara tatu kwa vizibo vya soda kabla ya kuniamini.

Rundo lisilopunguzwa kama hilo ndilo lililonifanya nielewe kwa undani kwamba urefu si nguvu. Tuseme kichwa kinachosoma utepe wa maandishi nacho kinaruhusiwa kurudi nyuma. Maandishi yana jumla ya herufi n, n ikiwa idadi yoyote. Rundo linaweza kupanda bila kikomo. Je, mashine hii ni ya Turing? Siyo. John Hopcroft na Jeffrey Ullman, mwaka huohuo wa 1967, walionyesha kwamba ya uhakika inalingana na mashine ya kawaida iliyopewa nafasi ya kumbukumbu ya kadiri ya n mara logi ya n (logi ya n ni takriban idadi ya biti za kuandikia namba n), na ya kukisia inalingana na nafasi ya kadiri ya n mara n kwa mashine ya kukisia.

Namba hizo zinatoka wapi? Tazama kichwa kinapozama rundoni. Kinaingia kikiwa katika hali fulani, huku kichwa cha utepe kikiwa kwenye nafasi fulani kati ya n. Kitazunguka humo ndani kinavyozunguka, na kama kitatoka tena juu, kitatoka katika hali fulani na nafasi fulani. Kwa mashine ya uhakika, kila mlango wa kuingilia una mlango mmoja wa kutokea. Kwa hiyo yote yaliyomo rundoni yanaweza kufupishwa kuwa jedwali: ukiingia hivi, unatoka vile. Mistari ya jedwali ni ya kadiri ya n, na kila mstari unataja nafasi moja, jambo linalohitaji biti za kadiri ya logi ya n. Zidisha, umepata n mara logi ya n. Mashine ya kukisia ikiingia mlango mmoja inaweza kutoka kwa milango mingi, hivyo kwa kila jozi ya kuingia na kutoka unahitaji ndiyo au hapana, na hizo ni n mara n. Nguo mpya ikiwekwa juu, jedwali jipya linatokana na la zamani pamoja na nguo hiyo moja. La zamani unaweza kulifuta. Kwa maandishi ya herufi 1,000, ya kwanza ni kama biti 10,000 na ya pili ni 1,000,000, ukiacha vizidisho vya hali. Rundo lirefuke mpaka lifike Kakamega, halitabeba habari yenye manufaa kupita jedwali hilo.

Ukiruhusu kuondoa, mambo yanabadilika, kwani nguo ikitoka utahitaji jedwali la rundo lilivyokuwa kabla yake. Sasa unahitaji rundo la majedwali. Stephen Cook alikuwa amelishika jambo hili kwa jumla mwaka 1971: mashine yenye nafasi ya kumbukumbu ya kiasi S, ikiongezewa rundo la juu tu, inalingana na kazi inayomalizika kwa muda wa 2 kwa kipeo cha kadiri ya S. Kwa hiyo otomata ya rundo la kuchungulia yenye kichwa cha kwenda na kurudi inafika, ikiwa ya uhakika, kwenye muda wa kadiri ya n kwa kipeo cha n. Ikiwa ya kukisia, 2 kwa kipeo cha n mara n. Ni nguvu kubwa mno, na bado ina ukuta. Ukichukua S kuwa logi ya n peke yake, unapata kazi zote zinazomalizika kwa muda wa polinomia, yaani n kwa kipeo kisichobadilika, iwe mashine inakisia au haikisii.

Alfred Aho alikwenda mbele mwaka 1969 akaruhusu kuanzisha rundo dogo ndani ya rundo, kwa sharti kwamba limalizwe kabla ya kupita. Waliowahi kuona beseni zikiuzwa zikiwa zimepangwa ndani ya beseni watalipata wazo. Ya kukisia inayosoma ikienda mbele tu hutambua kundi liitwalo lugha za faharisi, nami sitakaa hapo.

Ukuta wenyewe unavunjika kwa jambo dogo: rundo la pili. Hata kuchungulia hakuhitajiki. Mama wa jinzi awe na rundo kushoto na rundo kulia, ahamishe nguo za juu kutoka huku kwenda huku, na ataifikia nguo yoyote bila kupoteza hata moja. Hiyo ndiyo mashine ya Turing: utepe wake umekatwa pale kichwa kilipo, kipande cha kushoto kiko katika rundo moja na cha kulia katika jingine. Marvin Minsky alionyesha mwaka 1961 kwamba hata hayo ni mengi kuliko inavyohitajika. Vihesabio viwili, kila kimoja kikijua tu kuongeza moja, kupunguza moja na kutambua sifuri, vinatosha, kwa sababu rundo zima linaweza kuandikwa kama namba moja kubwa. Muda utakaotumika ni wa kutisha, lakini lugha zinazotambuliwa ni zilezile.

Na foleni? Wengi hudhani foleni na rundo ni ndugu wa nguvu moja, kwa kuwa kila kimoja kina mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Nenda kwenye steji ya boda Kondele. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kubeba, na akirudi anashika mkia. Kaa hapo muda wa kutosha, kila pikipiki itapita mbele ya macho yako, na hakuna aliyefukuzwa ili mwingine aonekane. Foleni inazunguka. Andika utepe wote wa Turing kwenye foleni, weka alama mahali kichwa kilipo, izungushe, na alama inapopita mbele fanya badiliko lako. Foleni moja, bila kitu kingine, ni mashine ya Turing kamili. Rundo moja la juu tu haliwezi hata marudio ya aina ya polepole yenye urefu wowote.

Rundo la juu tu, hata hivyo, lina siri moja zaidi ukiliruhusu kichwa cha utepe kurudi nyuma. Tuseme utepe una jina la kutafutwa, kisha alama, kisha maandishi marefu. Mashine inakwenda mwisho na kurudi ikiweka maandishi rundoni, ili herufi yake ya kwanza ikae juu. Inalinganisha na jina huku ikiondoa. Herufi zikitofautiana, zilizoondolewa zimepotea? Hapana, kwa sababu zililingana na mwanzo wa jina, na jina bado liko kwenye utepe. Inarudi nyuma juu ya jina ikiziweka tena, inaondoa moja, inaanza upya. Mashine yenyewe inaweza kuchukua hatua nyingi mno. Lakini Cook alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba kazi yoyote ya mashine ya uhakika ya namna hii inaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida kwa muda unaolingana na urefu wa maandishi. Donald Knuth akaifuata thibitisho hiyo hatua kwa hatua mpaka akapata njia ya haraka ya kutafuta neno, njia ambayo James Morris alikuwa ameifikia peke yake alipokuwa akitengeneza kihariri cha maandishi. Waliichapisha pamoja na Vaughan Pratt mwaka 1977.

Ndiyo maana swali moja lililobaki wazi linaniuma. Je, mashine hii ya uhakika, yenye rundo la juu tu na kichwa cha kwenda na kurudi, inaweza kutambua kila lugha isiyotegemea muktadha? Ikiwa ndiyo, basi zote zingetambulika kwa muda unaolingana na urefu wa maandishi. Njia ya Leslie Valiant ya mwaka 1975 huzipitisha katika kuzidisha matriki, na hiyo ni kazi nzito zaidi. Hakuna aliyethibitisha kwamba inaweza, na hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezi. Jumamosi iliyopita niliwaachia vijana swali hilo ubaoni, na asubuhi ya Jumapili mmoja akanitumia picha: marundo mawili ya jinzi, moja refu na moja fupi, na chini yake ameandika, "Mwalimu, hili la pili tukilikataza, kichwa kirudi nyuma mara ngapi?"